Ngata Halisi, Jihadharini na Waigaji

Hilari alikuwa fundi wa redio na televisheni mjini Tabora kwa muda mrefu kiasi kwamba redio zenyewe zilikwisha, yeye akabaki. Kibanda chake cha Isevya kilijaa matumbo ya vitu vya watu: spika, transfoma, nyaya, simu zilizopasuka vioo. Kila alichokishika kilikuwa na jina la Mjapani au la Mchina, na alikuwa amefikia umri wa kuitwa babu bila kuwa na kitu hata kimoja duniani chenye jina lake, ukiacha watoto, na hao nao wamejibatiza majina mengine huko kwenye mitandao. Jambo hilo lilimkera sana. Usimcheke, wewe nawe lingekukera.

Basi akaunda mashine ya gemu. Siyo hizi za pedi za kubonyeza, ambazo mtoto anakaa kwenye benchi kutwa nzima, vidole gumba viwili vinafanya kazi na mwili uliobaki unasubiri kuoza. Ya Hilari ilitaka mwili. Ndani ya kila simu, hata ile iliyokufa kioo, kuna kidude kidogo kinachojua kama simu imelala, imesimama au inatikiswa. Hilari alikitoa, akakipachika ndani ya mchi wa kutwangia, akakiunganisha na televisheni. Ukitwanga hewani, kwenye kioo kuna mwanamke anatwanga. Ukikosea mapigo, kinu kinapinduka na kuku wanakula mtama wako. Watoto walipanga foleni hadi kwa muuza mkaa, na muuza mkaa mwenyewe akaja kutwanga.

Wiki haijakwisha, ng'ambo ya barabara, kwa fundi Sadiki, nako kukawa na mchi. Wa Sadiki ulikuwa na taa nyekundu.

Hapa inabidi nieleze Sadiki ni nani, la sivyo utauliza kwa nini Hilari hakuvuka barabara akamng'oa meno. Sadiki alikuwa Mzigua. Babu wa babu yake alifika Tabora na msafara zama za biashara ya pembe za ndovu, akashikwa na tumbo la kuhara, wenzake wakasema tutampitia tukirudi. Hawajarudi hadi leo. Ukoo mzima umezaliwa hapo na kuzikwa hapo, wanasema Kinyamwezi kuliko Wanyamwezi wenyewe, na bado ukiwauliza kwao ni wapi, watakwambia wapo tu, wanasubiri msafara. Hilari alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani walitukanana na Wazigua, wakaibiana kuku, wakazikana porini, mwisho wake ikawa desturi isiyo na mjadala. Mtani akiingia kwako akaondoka na jogoo, unamwambia karibu tena. Mtani akikusimanga mbele ya wakwe, unatafuta simango la kumrudishia. Kukasirika ndiko mwiko. Na siku ukifa, ndugu zako wakiwa wanagaragara kwa kilio, mtani ndiye anayevaa nguo zako, anatembea ulivyotembea, anakohoa ulivyokohoa, hadi waliofiwa wacheke wapende wasipende. Ndivyo watu wanavyovuka siku ile. Msiba usio na mtani ni mzito, waulize waliouona.

Kwa hiyo Hilari alivuka barabara kwa adabu zote za utani, akauangalia ule mchi wenye taa.

"Umeniibia, Mwachwa," alisema. Mwachwa ndilo jina alilompa Sadiki tangu ujana wao, kwa heshima ya yule babu wa tumbo la kuhara.

"Nimekusaidia, Mpagazi," Sadiki alijibu bila kuinua kichwa. "Nyie kitu mkishajitwisha kichwani hamkioni tena. Nimekuwekea taa ukione."

"Ingekuwa akili inaazimwa, ningekuazima."

"Si ndiyo hii nimeazima? Nikimaliza nitairudisha."

Ndivyo ilivyokwenda. Hilari akatengeneza gemu ya Mzinga, ambayo unashika mwenge wa bandia, unapanda mti kwa kuinua magoti, unafukiza nyuki na kuteremsha asali. Sadiki naye akatengeneza Mzinga, akauongezea sauti ya nyuki, sauti ya kweli hasa, hata mteja mmoja kutoka Sikonge aliyekuwa na historia na nyuki akatoka mbio na benchi. Mwezi uleule Mzinga wa Hilari nao ukaanza kuvuma. Na ule mchi, watoto walikuwa wakisahau wanauachia, unaruka unakwenda kupasua televisheni, mpaka Sadiki akaufunga kamba ya kuvaa mkononi. Kesho yake mchi wa Hilari ulikuwa na kamba. Hilari hakuita jambo hilo wizi, aliliita marekebisho.

Hakimu wa mambo haya yote alikuwa Bibi Bernadeta, mama yake Hilari, aliyeketi kila siku kwenye kigoda nje ya kibanda cha mwanawe akichambua mchicha na watu. Ukimuuliza mashine ipi nzuri, hakumung'unya maneno.

"Ya Sadiki ina taa," alisema.

"Mama, mimi ndiye niliyeanza."

"Nimesikia. Yake ina taa."

Bibi Bernadeta alikuwa amebeba maji, kuni na tumbaku kichwani tangu akiwa mtoto huko upande wa Sikonge, na mzigo ulikuwa umemwachia mwendo wake peke yake. Shingo ilinyooka, bega moja likashuka, na mguu wa kulia ulichelewa kidogo kila alipoupeleka mbele, kama vile unaomba ruhusa. Kila asubuhi akivuka barabara kwenda kununua maziwa, Sadiki alitoka kibandani akamfuata nyuma kwa mwendo huohuo, mtaa mzima ukiwaangalia. Bibi alimchapa na ncha ya kanga, akamwita shetani, kisha akamgawia maziwa. Alimpenda vibaya sana.

"Mimi sitaki kuzikwa kwa kunong'ona," alimwambia Consolatha, mke wa Hilari, siku moja wakipepeta mchele. "Nimelia ya kutosha kwenye misiba ya watu. Wangu acheke mtu. Yule Mzigua ameshajifunza, yupo tayari, kilichobaki ni mimi tu."

Hilari alisikia akiwa ndani analehemu. Alitabasamu, kwa kuwa wakati huo lilikuwa jambo la mbali.

Ile mashine kubwa ilitoka kwa mama huyohuyo. Hilari alikuwa akimwangalia anavuka barabara na Sadiki nyuma yake, akapata wazo lililomfanya aache chai ipoe. Alichukua ngata, ile ya nguo ya kuwekea mzigo kichwani, akashonea kidude cha simu katikati. Unaivaa kichwani, unatembea hapohapo ulipo, na kwenye kioo mama mpagazi anatoka Tabora kwenda Bagamoyo na furushi. Ukiinamisha kichwa, furushi linayumba. Ukigeuka ghafla, limekwenda na maji. Kuna mito, kuna fisi, na ukifika Ugogo kuna mzee anakusimamisha akidai ushuru, inabidi umpigie goti bila kuangusha kitu. Hakuna kijana wa Tabora aliyefika Bagamoyo siku ya kwanza. Wengi waliishia Manyoni.

Kumpata yule mama wa kwenye kioo, Hilari alimvalisha mama yake ngata yenye kidude, akafunga vidude vingine mabegani na miguuni, akamtembeza uani. Mama akalalamika kwamba anafungwa kama mbuzi wa sadaka, lakini alitembea. Hilari akafanya kazi msimu mzima wa mvua. Siku alipowasha kioo, akamwona mama yake anatembea pale, mdogo, bega chini, mguu unachelewa, alitokwa na machozi, akasingizia moshi wa lehemu. Alijua hiki ni chake. Hakuna Mjapani angeweza kukitengeneza. Alichukua rangi nyeupe, akaandika kwenye boksi la mashine: NGATA, FUNDI HILARI, TABORA.

Haukupita muda mrefu kukawa na kibao kipya ng'ambo ya barabara. Kiliandikwa: NGATA HALISI. JIHADHARINI NA WAIGAJI.

Mtaa ulikufa kwa kicheko. Furushi la Sadiki lilikuwa na jogoo juu yake, ukiyumba anapiga kelele za kukutukana. Na mama mpagazi wa Sadiki naye alishusha bega, akachelewesha mguu, tena kwa kuzidisha, jinsi watani wanavyozidisha. Bibi Bernadeta alivuka kwenda kujiangalia. Alisimama mbele ya kioo cha Sadiki, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, akaletewa maji.

"Huyu ndiye mimi," alisema. "Wa Hilari amenyooka mno, kama anakwenda kupokea komunyo."

Hilari alicheka na wenzake, maana ndivyo inavyotakiwa. Lakini safari hii aliacha kabla yao, akarudi kulipangusa vumbi boksi lake. Alikwishalizoea lile jina kwenye boksi.

Ukaja mwezi wa nane, na maonyesho ya Nane Nane kule Ipuli. Mwaka ule kulikuwa na banda la wabunifu, na kamati yake ilitangaza kwamba mashine moja itachaguliwa, itengenezwe kwa wingi na karakana ya Mwanza, isambazwe kwenye vituo vya vijana kanda nzima, jina la aliyeibuni likiwa limebandikwa usoni. Hilari aliposikia maneno hayo ya mwisho, alikwenda kununua shati.

Watani wote wawili walipeleka Ngata. Wakapewa meza zinazopakana. Kutwa nzima walitukanana kwa raha, wateja wakatoka meza hii wakaenda ile, jogoo wa Sadiki akawa anatukana hadi kwenye banda la mbegu. Jioni mwenyekiti wa kamati, Bi Shamila, mama mpole aliyetoka Dar es Salaam na asiyejua lolote la Unyamwezi, aliwaita mbele ya kamati na watazamaji.

"Tumezipenda," alisema. "Tatizo ni moja. Ni mashine ileile. Kama hakuna malalamiko, tutaipeleka kwa jina la Wabunifu wa Tabora, nyote mfaidike. Kama kuna anayesema mwenzake ameiba kazi yake, aseme hapa, atuonyeshe, na iliyoigwa tutaiondoa."

Consolatha alikuwa nyuma ya mumewe. Alimvuta shati, lile jipya.

"Nyamaza," alimnong'oneza. "Wabunifu wa Tabora, si wewe huyo? Chukua twende."

Hilari alikuwa anaangalia boksi lake. Aliziona mawazoni herufi zake nyeupe zikikwanguliwa na kufunikwa na Wabunifu wa Tabora, jina ambalo hata mtu aliyekuja kuuza karanga angeweza kusema ni lake. Alijua mtani hashitakiwi. Analijua hilo kila mtoto wa Kinyamwezi kabla hajajua kufunga vifungo. Akasimama.

"Nina malalamiko," alisema. "Huyu ameniibia."

Watazamaji wakaangua kicheko, wakapiga makofi, kwa kuwa walidhani ni utani unaendelea. Sadiki akacheka kuliko wote. Wakaendelea hivyo mpaka wakamwona Hilari hacheki, na kicheko kikakatika kidogo kidogo kuanzia mstari wa mbele.

"Una uthibitisho?" Bi Shamila aliuliza.

"Huyo anayetembea kwenye kioo chake ni mama yangu mzazi. Bega lile ni la mama yangu. Mguu ule ni wa mama yangu. Aniambie yeye alimtoa wapi."

Bi Shamila akamgeukia Sadiki. "Ni kweli?"

"Kweli kabisa, mama," Sadiki alisema. "Ni Bibi Bernadeta."

"Ulimchukua kutoka kwenye mashine ya Bwana Hilari?"

"Hapana. Hilari alimfunga vidude juzijuzi tu. Mimi huyo bibi namfanyia mazoezi kila asubuhi, miaka na miaka. Mimi ndiye nitakayemfanya siku ya msiba wake."

Wanakamati waliangaliana. Mmoja aliuliza kama bibi anaumwa. Sadiki akasema hapana, mzima wa afya, leo asubuhi amekunywa maziwa. Bi Shamila aliandika kwa ufupi kwamba mlalamikiwa amekiri. Sadiki hakumsikiliza tena. Alikuwa amemkazia macho Hilari, akisubiri tusi, hata dogo, hata lile la tumbo la kuhara lililochakaa. Ingetosha. Hilari aliangalia meza.

Ngata Halisi iliondolewa kabla ya jua kuzama. Sadiki alibeba kibao chake mwenyewe, akakiweka kwenye baiskeli, na watu wakampisha njia.

Nyumbani Bibi Bernadeta alikuwa ameketi mlangoni.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, mama. Jina langu linakwenda kanda nzima."

"Hongera. Na Sadiki amekutukana vipi?"

Hilari akamweleza, kwa maneno ya kuzungukazunguka. Consolatha alipita ndani. Mama alisikiliza hadi mwisho, akakunja kanga yake magotini.

"Umemshitaki mtani kwa wageni," alisema taratibu. "Haya. Basi utanizika mwenyewe, mwanawane. Uanze kujifunza mapema, maana wewe si mwepesi."

Asubuhi iliyofuata Sadiki alivuka barabara. Hilari alimwona anakuja, moyo ukamruka kwa furaha. Alikuwa ameandaa matusi kadhaa ya kujibia, na yote mazuri. Alikuwa tayari hata kuchapwa kibao.

"Shikamoo, kaka Hilari," Sadiki alisema.

Labda mtu wa kwingine haoni ubaya wa maneno hayo. Watani hawapeani shikamoo. Tangu wapagazi wa kwanza hadi juzi Ipuli, hakuna aliyewahi kumpa mtani wake shikamoo akiwa na akili timamu. Hilari akaegemea benchi.

"Mwachwa, acha upuuzi wako."

"Naam, kaka. Nilikuja kuomba radhi kwa usumbufu. Zile mashine nyingine nimezifungua pia, mchi na mzinga. Kama kuna kifaa chako kilichobaki kwangu, unieleze nikuletee."

Akainama kidogo, akarudi kwake. Siku hiyohiyo akaanza kutengeneza feni.

Hilari alijaribu, msimnyime haki yake. Kila siku alimtupia Sadiki maneno kutoka ng'ambo. Alimsimanga babu yake, feni zake, Uzigua wote kwa jumla. Sadiki alimjibu, "Ni kweli, kaka," au "Umesema sahihi." Hilari akatengeneza gemu mpya ya kuendesha baiskeli kwenye mchanga, akaiacha imefunguliwa matumbo nje ya kibanda, kidude kinaonekana, yeye akaenda kunywa chai na kuchelewa kusudi. Aliporudi, alikuta Sadiki amemfunikia kwa turubai, kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda. Gemu yenyewe haikuwa nzuri. Kulikuwa na kitu kimepungua na Hilari hakuweza kukijua, kwa sababu zamani kitu kilichopungua alikiona kwa Sadiki. Wateja nao walipungua. Watu walikuwa wakija kwa ubishi kuliko kwa gemu, na ubishi haukuwepo tena.

Mwendo wa asubuhi ulikoma pia. Bibi Bernadeta alivuka barabara kwenda kuchukua maziwa peke yake. Sadiki alisimama akampa shikamoo, akamshika mkono kumvusha, na bibi akarudi nyumbani amechoka kuliko kawaida. Kutoka Mwanza yakaja maboksi, masafi, yamechapwa kwa rangi: NGATA, FUNDI HILARI, TABORA. Hilari aliliangalia lile jina. Lilikuwa limeandikwa vizuri.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bibi Bernadeta aliugua kifua, hakukaa sana. Walimsafirisha kwa lori kwenda kijijini kwao, upande wa Sikonge, barabara imegeuka tope, watu wamekaa kuzunguka jeneza wakilishika lisicheze. Hilari alikaa upande wa kichwa cha mama yake. Alilia njia nzima bila kusingizia chochote.

Sadiki alikuja kwa pikipiki, nyuma ya lori. Alivaa kanzu na kofia, akampa Hilari mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, kaka. Mungu amlaze mahali pema," alisema. Akavua viatu ukingoni mwa mkeka, akaketi pamoja na wanaume wengine, akainamisha kichwa.

Ukoo ulikuwa umehangaika kutafuta mtani mwingine. Wakampata dereva mmoja Mzaramo, mtu mwema, akajifunga kanga akatembea amejipinda na fimbo. Lakini hakumjua marehemu. Alitembea kama kikongwe yeyote, na Bibi Bernadeta hakushika fimbo maisha yake yote. Hakuna aliyecheka. Dereva akarudisha kanga, akaomba radhi. Baada ya hapo ikawa sala, kunong'ona, sala. Katekista alimwinamia Hilari akamwambia ni mara chache kuona msiba wa kistaarabu namna hii.

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyanyua. Wabebaji walikuwa wameshajipanga kuinua jeneza. Hilari alikwenda hadi ukingoni mwa mkeka, akatafuta viatu vya Sadiki, akavivaa. Vilimbana. Akaanza kuzunguka jeneza, kifua mbele, vidole vya miguu vimetazama pembeni, mikono nyuma, namna Sadiki anavyokwenda akiwa anakagua kazi ya mwenzake.

"Ina taa hii?" alisema kwa sauti ya puani. "Haina? Nyie Wanyamwezi bwana! Mnazikaje mtu bila taa?"

Mvua ilisikika inadondoka kwenye majani ya mgomba. Mfiwa hafanyi utani. Mwana hafanyi mzaha juu ya jeneza la mama yake, halijaonekana hilo. Shangazi mmoja alishika kichwa, akasema mtoto ameshachanganyikiwa, mkamateni. Hilari hakusimama. Alikwenda hadi mbele ya Sadiki, akamwinamia.

"Viatu vyenyewe vidogo kama vya kuku," alisema. "Ndiyo maana walikuacheni."

"Chukua, kaka," Sadiki alisema chini chini, macho kwenye mkeka. "Ni vyako."

Hapo Hilari akavunjika. Alipiga magoti kwenye tope, na viatu vile vya watu miguuni, shati la Nane Nane limeloa.

"Sadiki, siwezi," alisema, na watu wote walimsikia. "Nimejaribu nyumbani mlango umefungwa. Bega nalijua, mguu naujua, nimeupima kwa mitambo. Siwezi kumfanya. Nimemchukua mtu pekee aliyemweza nikampeleka kwa wageni nikamwita mwizi, kwa ajili ya boksi. Nitukane. Nakuomba unitukane."

Katekista alifungua tena kitabu chake. Ndipo Sadiki akainuka, miguu mitupu. Alikwenda kwa Consolatha, akamvua kanga ya mabegani bila kuomba, akaizungusha mkononi ikawa ngata, akajitwisha kichwani. Shingo ikanyooka. Bega likashuka. Akapeleka mguu wa kulia mbele, mguu ukachelewa, na kutoka upande wa wanawake shangazi yuleyule akapiga yowe ambalo lilianza kama kilio na halikumalizika hivyo.

Alizunguka jeneza, akachungulia sufuria za wapishi, akasonya. Akamkagua dereva Mzaramo kuanzia juu hadi chini, akamuuliza mimi na fimbo umeniona nayo wapi. Wanawake walikuwa wameshaangukiana, machozi yanatiririka, wanashika mbavu. Mwisho akafika kwa Hilari, akasimama mbele yake kwa bega lilelile, akamtazama kwa jicho moja lililofumbwa nusu.

"Hilari," alisema, na sauti ilikuwa ya mama yake. "Nimekuzaa nikakubeba mgongoni nikiwa na mtungi kichwani, sikuangusha hata kimoja. Leo unanigaragazia tope umevaa viatu vya watu? Vua. Uje unibebe."

Hilari alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, chenye makamasi, kilimtoka tumboni hadi akashindwa kusimama, ikabidi anyanyuliwe. Alivua viatu, akashika jeneza upande wa mbele kushoto. Sadiki alitangulia njia nzima hadi kaburini, bega chini, akiwafokea wabebaji kwamba wanamtikisa, na wa mbele kushoto, yule mjinga, ndiye amezidi.